Mwanangu, Profesa, na Picha za Kumcheka Papa

Kilichonifikia kwanza ni kicheko. Ilikuwa Jumamosi mchana, nakaanga samaki jikoni, madirisha nimeyafungua yote ingawa nje kulikuwa na baridi kali, maana katika ghorofa letu la Etobicoke harufu ya samaki ikifika kwenye ukumbi majirani huanza kugonga milango. Binti yangu alikuwa chumbani kwake anazungumza na mtu kwenye kompyuta. Akacheka. Hakikuwa kile kicheko kifupi cha adabu anachonipa mimi ninapotania. Alicheka mpaka akakohoa, akanyamaza, akaanza upya, na upande wa pili mwanamke mwenye sauti nzito akacheka naye. Nilizima jiko nikasimama palepale, mwiko mkononi. Nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na kicheko kile sikuwa nimewahi kukisikia.

Alipokuja kula nikamwuliza, "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Kazi tu, mama," akajibu kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu alipoanza shule hapa Toronto. Mimi nasema Kiswahili, yeye anaelewa kila neno hata mafumbo, kisha ananijibu kwa Kiingereza.

"Kazi gani inayochekesha hivyo?"

Ndipo akaleta kompyuta mezani. Alikuwa anasoma shahada ya pili ya historia ya sanaa, na alikuwa amechagua katuni za Waingereza wa karne ya kumi na nane. Akanieleza kwamba mchoraji alikwaruza picha kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa kwenye karatasi, ikatiwa rangi kwa mkono, kisha muuzaji akaitundika kwenye dirisha la duka lake ili wapita njia wasimame wawacheke wakubwa. Ile aliyonifungulia ilimwonyesha waziri wa mfalme amepiga magoti. Mbele yake yuko Papa mwenye uso wa mbweha, anamvisha waziri rozari shingoni kama mtu anayemfunga mbuzi kamba. Nyuma yao shetani ameshika mshumaa. Na kwenye kona, mwanamke mnene mwenye mtandio kichwani ameinama mpaka chini anabusu kiatu cha Papa, makalio yake yamechorwa makubwa kuliko kanisa lililo nyuma.

"Huyu ndiye tuliyekuwa tunamcheka," akasema, kidole kwenye yule mwanamke.

Mimi ni Mkatoliki. Nililelewa Morogoro, nikasomeshwa na masista, na kila jioni, nikirudi kutoka kwenye kazi yangu ya mapokezi kwa daktari wa meno, huvua viatu nikasali rozari kabla ya kugusa chungu. Nikamtazama mwanamke yule. "Anasali," nikasema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana wanamcheka."

Akaendelea kunieleza, na kwa kweli alieleza vizuri. Zamani hizo Mkatoliki wa Uingereza hakuruhusiwa kuingia bungeni wala kushika vyeo vingi. Kila ilipotokea viongozi wakataka kulegeza sheria hizo, au kama ilivyokuwa huku Kanada walipowaachia watu wa Quebec dini yao, wapinzani wao waliwachora kama watumwa wa Roma. Papa alikuwa fimbo tu, anayechapwa ni waziri.

"Anti anasema ukitaka kumwangusha mwanasiasa, mvalishe dini ambayo watu wanaiogopa."

Anti anasema! Anti alikuwa profesa wake, yule mwenye sauti nzito. Mwanangu ana mashangazi wa damu huko nyumbani, wanatuma salamu kila sikukuu na yeye hawapigii hata simu. Lakini huyu wa chuoni ndiye aliyepewa jina la Anti. Anti anasema chai nzuri hainywewi na maziwa, basi chai yangu ya maziwa ya tangawizi ikaanza kuachwa mezani ikapoa. Anti anasema picha itazame kuanzia pembeni. Anti anasema usiombe radhi unapoanza kuzungumza. Jambo hilo la mwisho mimi nilikuwa nimemwambia tangu akiwa darasa la kwanza, kwa Kiswahili safi, na halikumwingia.

Wivu wa mume niliujua. Baba yake alituacha akaenda kuishi Calgary na mwanamke mwingine, na nilikasirika, nikalia, nikamtukana yule mwanamke kwa majina yote, mwishowe nikachoka na usingizi ukarudi. Wivu wa mume una mahali pa kwenda. Watu wanakuelewa, wanakuletea chakula, wanakaa nawe. Ila nenda kamwambie mtu kwamba unamwonea wivu mwalimu wa mwanao, kwa sababu mwalimu huyo anamfundisha vizuri na anampenda. Utaanzia wapi?

Nikatafuta kosa la kumshikia, nikalipata. Muda wa mwaka mzima hivi binti yangu alikuwa ameacha kuja nami kanisani. Misa yetu ya Kiswahili inaimbwa na kwaya ya Wakongo na Warundi, na tangu utoto alikuwa akikaa kando yangu, benchi la tatu. Sasa kila Jumapili alikuwa na sababu: maktaba, usingizi, kazi ya kundi. Nilipoiona ile picha nikasema kimoyomoyo, nimekujua. Mwanamke huyu anampa mwanangu picha za kumcheka Papa, anacheka naye, na sasa mwanangu anaona haya kupiga magoti. Karibu nifurahi. Sasa wivu wangu ulikuwa umepata jina zuri, ulikuwa uchungu wa mzazi kwa ajili ya imani.

Majira ya kuchipua walikuwa wanaandaa maonyesho ya picha hizo katika maktaba ya chuo, na siku moja binti yangu akasema, "Anti anataka uje uzione kabla hazijatundikwa." Nilivaa gauni langu la kitenge la sherehe, nikapaka wanja. Sikuwa naenda kuona picha.

Kichwani nilikuwa nimeshamchora mwanamke huyo: mzungu mrefu, shingo ndefu, kucha nyekundu, macho yanayokupima. Aliyetufungulia mlango wa chumba cha picha alikuwa mwanamke mfupi wa umri wa bibi, mwenye asili ya Kihindi, miguu imemvimba, amevaa soksi nene za sufu ndani ya kandambili. Shingoni alikuwa na msalaba mdogo.

"Karibu, mama," akasema. "Mimi nafurahi sana. Siku mingi mimi nasikia habari yako."

Nilibaki mlangoni. Mwanangu hakuwa ameniambia. Au tuseme sikuwa nimemwuliza, maana kila alipotajwa Anti mimi nilianza kuosha vyombo. Profesa alikuwa Mgoa wa Nairobi, aliondoka na wazazi wake akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni cha Nairobi ya zamani, kile ambacho wenye nyumba walitumia kuwaagiza wapishi.

Tukanawa mikono, maana hapo ni lazima, tukaketi kwenye meza ndefu ambapo picha zilikuwa zimelazwa juu ya mito. Profesa akapapasa huku na huku. "Kioo ya kukuza iko wapi?"

"Iko hapa, Anti," akasema binti yangu. "Mimi naweka kwa meza hii, wewe nasahau."

Kwa Kiswahili. Kibovu, kimevunjika miguu yote, lakini Kiswahili, kimetoka kinywani mwa mwanangu bila kusukumwa, kama vile ndivyo wanavyosema siku zote. Na ndivyo walivyokuwa wakisema siku zote, niliona, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeona ajabu. Miaka yote hiyo nimembembeleza, nimemwahidi zawadi, nimejifanya sisikii mpaka aseme "naomba maji". Na hapa, mbele ya mwanamke asiyejua hata kusema "kioo cha kukuzia", maneno yanatiririka.

Profesa akanisogezea ile picha ya mbweha na waziri. Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, rangi zake bado mbichi, joho jekundu la Papa kama limepakwa jana. Akanipa kioo.

"Mama, wewe naona nini?"

"Naona mtu anasali na watu wanamcheka," nikasema. Nilisema kwa sauti niliyoitaka.

Hakukasirika. "Ndiyo. Mimi pia, mara ya kwanza, mimi nakasirika sana. Sisi Wagoa Wakatoliki, mama yangu nasali asubuhi, nasali jioni. Mimi nasema, huyu mtu natukana mama yangu. Halafu mimi naangalia, naangalia. Huyu mchoraji naogopa. Kama haogopi, kwa nini nachora mwanamke mkubwa hivi na kanisa dogo?" Akagusa hewa juu ya picha bila kuifikia. "Na hii makalio ni ya mama yangu kabisa. Nimeambia mtoto, mama yangu akipiga magoti kanisani, watu wa benchi ya nyuma hawaoni padri."

Wakacheka wote wawili, kicheko kilekile cha Jumamosi, mabega yakigusana. Basi ndicho walichokuwa wanacheka siku ile. Kesi yangu yote ya imani ilikuwa inaponyoka mkononi, na sikuwa nimemaliza kuishika vizuri pale profesa alipofuta macho akasema, "Jumapili, tukitoka kanisani, mimi nikaonyesha yeye mama mmoja wa Kifilipino, sawasawa na picha."

"Kanisani?" nikauliza.

"Kanisa yangu, Scarborough. Mimi nachukua yeye kwa gari."

Binti yangu akainamia picha kama mtu aliyeona kosa dogo kwenye pembe yake.

Nitasema kweli. Ningependa zaidi kusikia kwamba mwanangu amekuwa mpagani. Hilo ningeliombea novena, ningemwita padri, ningekuwa na kazi ya kufanya. Lakini mwanangu hakuwa ameacha Kiswahili wala hakuwa ameacha Misa. Alikuwa ameniacha mimi.

Profesa, ambaye nadhani aliona uso wangu lakini hakuelewa sababu yake, akaanza kunihadithia alikokitoa Kiswahili chake. Alikuwa na yaya. Yaya alimbeba, alimwimbia, alimfundisha maneno yote anayoyajua mpaka leo. Siku moja akiwa mtoto alishikwa na homa, na katika homa hiyo alilia akimwita yaya. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, amemshika mkono, na mtoto anamwita yaya. Asubuhi yake yaya alikuwa ameondolewa, kitanda chake kimekunjwa. "Mama yangu hapana sema kitu," profesa akasema. "Hata siku moja, mpaka nakufa." Macho yake yakajaa machozi, na binti yangu akamwekea mkono begani.

Nilijua hadithi hiyo inanitaka nimhurumie yaya, na yaya nilimhurumia, nani asingemhurumia. Lakini moyo wangu ulikuwa umekaa kwenye kile kitanda, karibu na yule mama aliyeshika mkono wa mtoto anayeita mtu mwingine. Nilimwelewa mpaka kwenye mifupa. Kama ningekuwa na uwezo wa kukunja kitanda cha mtu asubuhi ile, ningekikunja.

Kwenye treni ya kurudi nilisubiri abiria wapungue.

"Kwa nini naye unasema Kiswahili?" nikamwuliza.

Akajibu kwa Kiingereza, akitazama viatu vyake. "Kwa sababu yeye anakosea kuliko mimi."

"Maana yake nini?"

"Kwako wewe naogopa, mama. Kiswahili chako ni kizuri mno. Nikifungua mdomo naona uso wako unasubiri kosa. Kwa Anti hakuna kosa. Tunaokota tu maneno, kila mtu na alichonacho."

"Na Misa? Huko nako nasubiri kosa?"

"Huko nikienda na wewe naenda kama binti yako. Kila mama ananiuliza nitaolewa lini, nimenenepa, nimekonda, baba hajambo. Nilitaka kwenda mara moja nikae nyuma, nisijulikane. Halafu nikapenda."

Nilitaka kusema maneno mengi, yote makali na mengi yake ya kweli. Nikasema, "Ungeniambia."

"Ungelia," akasema, na hilo akalisema kwa Kiswahili.

Maonyesho yakafunguliwa. Nilikwenda na rafiki yangu wa kwaya, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mwanamke mwenye sauti ya kengele na asiyejua kunong'ona. Tulikuwa hatujavuka hata ukuta wa kwanza alipomwona mbweha mwenye kofia ya Papa akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Ye! Banamutukana Baba Mutakatifu? Na mutoto yako ndiye anaonyesha hii?"

Watu wakageuka, waheshimiwa na bilauri zao mikononi. Rafiki yangu alikuwa ameshafunga koti, anataka kuondoka. Nikamwona binti yangu anakuja kutoka upande wa pili wa chumba, amevaa suruali nyeusi na hereni nilizompa mimi, na nikadhani ataomba radhi kwa Kiingereza. Akamshika yule mama mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyowasalimu wakubwa, akasema kwa Kiswahili, mbele ya wote:

"Shikamoo, mama. Usiende. Mimi nataka kueleza wewe. Hawa watu iko na uoga. Wanaambiwa Wakatoliki iko wengi, nakuja, nachukua nchi. Basi wanachora Papa kama mnyama, ili watu wachukie waziri. Na wakimaliza Papa wanachora Myahudi, wanachora mtu wa Ireland, wanachora mtu mweusi. Pua ileile, mdomo uleule. Mimi naonyesha hii ili watu waone uongo unatengenezwa namna gani."

Rafiki yangu akamtazama, akaitazama picha. Akafungua koti lake. "Kumbe," akasema. "Ni kama vile banasemaka juu yetu sisi bakimbizi. Njoo unionyeshe ingine."

Wakaenda pamoja, ukuta hadi ukuta, na rafiki yangu akiuliza kwa sauti yake ya kengele, "Na huyu mwenye matumbo ni nani?" na mwanangu anajibu. Nilisimama katikati ya chumba nimejaa fahari mpaka nikaona joto. Na katika fahari hiyohiyo nilisikia kila "iko", kila kitenzi kilichokosa kichwa, na kila kimoja kilikuwa cha yule mwingine. Mwanangu alikuwa anasema lugha yangu mbele ya watu kwa mdomo wa profesa.

Profesa mwenyewe akaja kusimama kando yangu, kandambili zimebadilishwa na viatu vya heshima vilivyombana. Akaniegemea kidogo. "Mtoto yetu nasema vizuri," akasema.

Yetu! Nikamgeukia. "Mtoto wangu," nikamwambia.

Alidhani namsahihisha sarufi. Akainamisha kichwa kwa shukrani, kama mwanafunzi mwema. "Ndiyo, ndiyo. Mtoto wangu," akarudia, polepole, asikosee. "Mtoto wangu nasema vizuri sana."

Nikamwendea mtu wa vinywaji.

Vuli ile mwanangu alipata nafasi ya kwenda London kusomea shahada ya uzamivu, huko ambako picha hizo zimejaa makabatini. Profesa ndiye aliyemwandikia barua ya sifa, na nikamshukuru kwa mdomo. Uwanja wa ndege alikuja pia, alikuja na mfuko wa vitafunio. Binti yangu alinikumbatia mimi kwanza, kwa muda mrefu, nikahisi moyo wake ukipiga. Kisha akamkumbatia profesa. Kisha akaingia ndani. Njia nzima ya kurudi niliwaza kama ni heshima kukumbatiwa wa kwanza, au anayekumbatiwa mwisho ndiye anayebaki na joto lake.

Nyumba ikawa kimya. Nilipika chakula cha mtu mmoja, nikakosea vipimo. Kazini waliniuliza habari za binti mara moja, kwa adabu, wakarudi kwenye meno yao. Kanisani waliuliza kama amepata mchumba huko. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba chumba alichopanga hakina dirisha la maana, kwamba amekohoa kwenye simu, kwamba sauti yake ya asubuhi si ile niijuayo. Kulikuwa na mtu mmoja tu Toronto nzima ambaye angetaka kuyasikia yote hayo mpaka mwisho, na huyo sikutaka kumpa.

Yeye ndiye aliyenipigia. "Mama, wewe iko peke yako, mimi iko peke yangu. Kuja kunywa chai."

Nikaenda. Anakaa Agincourt, ghorofa ya juu, vyumba vimejaa vitabu na manyoya ya paka asiyeonekana. Alinitilia chai bila kuniuliza, nyeusi, kisha akasita, akaenda jikoni akarudi na maziwa ya moto na tangawizi. "Mtoto nasema wewe napenda hivi," akasema. "Yeye kila siku mama yangu hivi, mama yangu vile. Mama yangu anapika, mama yangu anasema. Mimi nachoka kusikia." Akalisema akicheka, lakini alikuwa akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Tulikuwa katika kikombe cha pili aliponiuliza, kama mtu asiyejali, "Amepigia wewe?"

"Jumatano," nikasema. "Na wewe?"

"Bado. Wiki hii bado." Akasogeza sahani ya biskuti. "Iko na kazi mingi."

Simu yangu ikalia juu ya meza, katikati yetu, uso wa mwanangu umejaa kwenye kioo. Wote wawili tuliutazama. Profesa akaondoa miwani yake akaifuta. Ningeweza kuiweka simu ile ikisikika kwetu wote, na najua ndivyo mtu mwema angefanya.

Nikainuka, nikafungua mlango wa kioo wa roshani, nikatoka nje kwenye upepo, nikaufunga nyuma yangu.

"Shikamoo, mama," mwanangu akasema. "Uko wapi? Nasikia upepo."

"Marahaba, mwanangu. Nipo tu."

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe umekula nini, niambie." Akaanza kuniambia, kwa Kiswahili, anajikwaa na kuinuka, na mimi sikumsahihisha hata neno moja. Nyuma ya kioo niliona kichwa cheupe cha profesa kimeinamia kikombe, kinajitahidi kutogeuka huku. Mikono ilikuwa inakufa ganzi kwa baridi. Nikamwuliza mwanangu habari za hali ya hewa ya London, na alipomaliza nikamwuliza habari za jirani yake, na alipomaliza hizo nikatafuta swali lingine.